Nimeegesha domeini 22 na matangazo hayalipi: niongeze au niache?

*Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa Morogoro, nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya kompyuta. Mwaka jana niliona video inayosema mtu anaweza kununua domeini, akaziegesha kwenye kampuni za nje, na matangazo yakamwingizia dola hata akiwa amelala. Nimenunua 22, zote za .com, wastani wa dola 13 kila moja. Nyingi ni maneno ya Kiswahili: kilimo, matrekta, nyumba za kupanga, vyakula vya kuku. Tatu ni majina ya benki na mtandao wa simu yenye herufi moja iliyokosewa, na moja ilikuwa ya kampuni ya safari ya Arusha ambayo iliiacha ikaisha muda. Huu ni mwezi wa nane. Ripoti inaonyesha wageni 1,140 na mapato dola 4 na senti 60, na siwezi kuzitoa kwa sababu sijafikia kiwango cha chini cha malipo. Karibu zote zinaisha muda mwezi wa tatu. Niongeze domeini ili mapato yakue? Nijiunge na kozi yao ya shilingi 350,000? Au kuna kitu nimekosea?*

Marahaba, mdogo wangu. Maswali yako ni matatu, lakini naona wasiwasi ulio chini yake ni mmoja: je, una majina machache mno na kuna siri hujaambiwa, au biashara yenyewe ndiyo haina pesa? Nikujibu mapema ili usisome kwa wasiwasi. Usiongeze hata kikoa (domeini) kimoja. Hiyo kozi usiilipie. Na kati ya hayo 22, mengi uyaache yaishe muda, mawili au matatu uyafikirie upya, na yale matatu ya benki na mtandao wa simu uyaondoe kwenye matangazo leo hii, kabla hujalala.

Tuanze na namna mambo yanavyofanya kazi, maana video za aina hiyo huliruka jambo hili. Ulipoegesha jina, ulichofanya ni kubadilisha seva za majina (mipangilio inayoamua jina lifungue ukurasa gani) kwa msajili wako, yaani kampuni uliyonunulia majina, ili zielekee kwa kampuni ya maegesho. Mtu akiandika jina hilo kwenye kivinjari, anapelekwa kwenye ukurasa wa kampuni hiyo. Pale hakuna habari wala duka, kuna orodha ya maneno tu: «bei ya matrekta», «mikopo ya kilimo», «mbegu bora». Akibofya neno moja anafunguliwa ukurasa wa pili wenye matangazo halisi, na akibofya tangazo ndipo pesa inapozaliwa. Mwenye tangazo anailipa kampuni ya matangazo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa Google, nayo inachukua fungu lake, kampuni ya maegesho inachukua lake, kinachobaki ndicho chako. Kwa hiyo mgeni lazima afike mwenyewe, abofye mara mbili, na apatikane mwenye tangazo aliye tayari kulipia mgeni wa aina yake. Kikikosekana kimoja, hupati hata senti.

Sasa tazama kinachokosekana katika mpango huu: hakuna kinachomleta mgeni. Wengi hudhani jina likishaegeshwa litatokea kwenye Google mtu akitafuta «matrekta». Halitokei. Kurasa za maegesho hazina kitu cha kumsomesha mtu, na tangu mwishoni mwa 2011 Google ilitangaza mfumo maalumu wa kuzitambua na kuziweka nje ya matokeo ya utafutaji. Ukurasa wako unangoja mtu aandike jina lile lile, herufi kwa herufi.

Kuna wakati watu walifanya hivyo kwa mamilioni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtu aliyetaka viatu aliandika neno la viatu, akaongeza .com, akaona atakapoangukia. Waliokuwa wamenunua maneno ya Kiingereza ya kawaida miaka ya tisini walivuna kweli. Google iliinunua kampuni ya Applied Semantics mwaka 2003, na mojawapo ya kazi za kampuni hiyo ilikuwa kuweka matangazo kwenye vikoa vilivyoegeshwa. Mwaka uliofuata kampuni ya Marekani iitwayo Marchex ilitangaza kununua mkusanyiko wa vikoa zaidi ya 100,000 kwa dola milioni 164. Hata Afrika tuliguswa: mwaka 2006 kikoa cha taifa cha Kameruni, .cm, kilipangwa ili jina lolote ambalo halijasajiliwa lifungue ukurasa wa matangazo. Kilichovunwa pale ni makosa ya watu wa dunia nzima waliotaka kuandika .com wakairuka herufi o.

Nakueleza haya ili ujue kwamba aliyekuonyesha video huenda hakubuni kila kitu. Amekusimulia mto uliokauka. Google ilitoa kivinjari cha Chrome mwaka 2008, na sehemu ya kuandikia anwani ikawa ndiyo hiyo hiyo ya kutafutia, kwa hiyo anayeandika «viatu» anapata matokeo ya utafutaji na si viatu.com. Kisha zikaja simu. Mteja wako wa Morogoro anayetaka trekta anaulizia kwenye kundi la WhatsApp, anaangalia Facebook au Instagram, au anapiga simu. Tena Waswahili hatukuwahi kuwa na mazoea ya kuandika neno la Kiswahili na .com mbele yake tukitegemea kupata kitu, kwa hiyo majina yako ya Kiswahili hayakupoteza wageni. Hayakuwahi kuwa nao.

Pigo la pili limetoka kwa wenye matangazo wenyewe. Wengi walilalamika kwa miaka kwamba wageni wa kurasa hizi hawanunui kitu. Kuanzia Oktoba 2024 akaunti mpya za Google Ads, huduma ambayo wenye biashara hulipia matangazo, zilifunguliwa zikiwa tayari zimejitoa kwenye vikoa vilivyoegeshwa, na Machi 2025 akaunti za zamani nazo zikatolewa. Aliyetaka kubaki ilimbidi aingie kwenye mipangilio na kujirudisha mwenyewe, na ni wachache wanaojisumbua kufanya hivyo. Matangazo yakipungua, mnada wa kugombea nafasi za matangazo unapoa, na bei ya mbofyo mmoja inashuka. Ongeza hapo kwamba mgeni wa Tanzania hugombewa na wenye matangazo wachache kuliko mgeni wa Marekani au Ujerumani, kwa hiyo bei yake tangu mwanzo ilikuwa chini.

Tuichukue ripoti yako tuisome pamoja. Wageni 1,140, majina 22, miezi minane. Hiyo ni kama wageni sita na nusu kwa jina kwa mwezi. Na hao sita si watu wote. Kikoa chochote kikishasajiliwa hutembelewa na roboti: za injini za utafutaji, za kampuni za usalama, za wanaotafuta tovuti zenye udhaifu wa kuvunjia. Kampuni ya maegesho huchuja baadhi, si wote.

Hebu tupige hesabu ya kukadiria tu. Tuseme katika wageni mia wa kweli, watano wanafika mpaka kwenye tangazo na kulibofya, na wewe unabaki na senti kumi za dola kwa kila mbofyo. Wageni mia wamekupa nusu dola. Ili jina lirudishe gharama ya kuhuishwa (kulipiwa mwaka mwingine), tuseme dola 14, unahitaji wageni 2,800 wa kweli kwa mwaka, karibu wanane kila siku, kwa jina moja. Hapo bado hujapata faida, umerudisha ulichotoa tu. Wewe majina yako yote kwa pamoja hayafikishi watano kwa siku, na umetumia dola 286 kuyanunua. Ukiyafanya kuwa 44 ya aina hiyo hiyo, hasara ndiyo itakayokua mara mbili.

Sasa fanya jambo moja ambalo pengine hujafanya. Ingia kwenye akaunti, fungua ripoti ya jina moja moja, ipange kwa mapato kuanzia kubwa. Sijaiona, lakini kwa vikoa vya aina ulivyonitajia sitashangaa ukikuta karibu dola zote nne zimetoka kwenye majina manne: yale matatu yaliyokosewa herufi, na lile la kampuni ya safari. Kilimo, kuku na nyumba za kupanga zitakuwa na sifuri zimejipanga. Na hapo ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini, kwa sababu jina linaloingiza senti ndilo linaloweza kukuponza.

Mtu anayefika kwenye jina la benki lililokosewa herufi hakuja kwako. Alikuwa anakwenda kwenye akiba yake, kidole kikateleza. Kibiashara na kisheria, unapata pesa kwa jina la mwingine. Tangu 1999 ICANN, taasisi inayosimamia mfumo wa majina ya intaneti duniani, ina utaratibu wa kutatua migogoro hii uitwao UDRP, na ulipobofya kukubali masharti ya msajili wako wa .com uliukubali nao. Mlalamikaji anatakiwa kuthibitisha mambo matatu: jina linafanana na alama yake ya biashara kiasi cha kuchanganya, wewe huna haki wala sababu halali ya kulimiliki, na ulilisajili na unalitumia kwa nia mbaya. Jina lenye herufi moja iliyokosewa na matangazo ya mikopo juu yake linathibitisha yote matatu bila jasho. Kusema «matangazo yalichaguliwa na mashine, si mimi» hakusaidii; waamuzi wa migogoro hii kwa kawaida humwajibisha mwenye kikoa kwa kilichomo kwenye ukurasa wake.

Najua wazo linalofuata, kwa sababu wengi hunitajia: «basi nitaiuzia benki yenyewe». Usijaribu. Kusajili jina kwa lengo la kumuuzia mwenye alama ya biashara kwa bei iliyozidi gharama zako ni mfano wa nia mbaya ulioandikwa waziwazi ndani ya sera hiyo. Ile barua pepe yako ya kuwaomba wanunue ndiyo wakili wao ataiambatisha kama ushahidi. Mwisho wa UDRP ni kunyang'anywa jina au jina kufutwa, hakuna faini. Lakini haumzuii mtu kwenda mahakamani pia, na sheria ya Marekani ya 1999 dhidi ya uvamizi wa majina inaruhusu fidia ya dola 1,000 hadi 100,000 kwa kila kikoa.

Wala usimuuzie mtu mwingine. Fikiria ni nani anayehitaji jina la benki lenye kosa la herufi moja. Mara nyingi ni anayetaka kutengeneza ukurasa unaofanana na wa benki ili aibe nywila za watu. Likishatoka kwako na akaibiwa mama mmoja wa Kihonda, kumbukumbu za usajili zitaonyesha lilipita mikononi mwako. Yatoe kwenye maegesho, zima uhuishaji wa moja kwa moja, au mwombe msajili ayafute kabisa.

Lile la kampuni ya Arusha ni suala tofauti kidogo. Wageni wake wanatoka kwenye viungo vya zamani: blogu za watalii, vitabu vya safari, saraka za hoteli. Viungo hivyo hufa kimoja kimoja kadiri watu wanavyosafisha kurasa zao, kwa hiyo mapato yake hushuka. Kuna kitu kingine ambacho hukukitaja. Wateja wa zamani huenda bado wanatuma barua pepe kwenye anwani za jina hilo, pengine na nakala za pasipoti au maelezo ya malipo ndani yake. Usifungue kisanduku cha kupokea barua hizo, hata kwa udadisi. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hutaki kuwa mtu wa kuelezea polisi kwa nini una pasipoti ya Mjerumani usiyemjua. Tafuta kama kampuni bado ipo. Ikiwa ipo, mwandikie mwenye kampuni umwambie jina lake liliisha muda na uko tayari kumrudishia kwa gharama uliyolipa, basi. Pengine alisahau tu, au aliyemtengenezea tovuti alipotea na nywila. Kama haipo, liache liishe.

Kuna mitego miwili utakutana nayo ukiendelea kubaki kwenye maegesho. Wa kwanza ni kubofya matangazo yako mwenyewe, au kuwaomba wenzako dukani wakusaidie. Google na kampuni hizi huona anwani moja ikirudi rudi. Akaunti inafungwa na salio linapotea. Wa pili ni ofa ya kumhamisha mgeni moja kwa moja bila kumwonyesha ukurasa wa kubofya. Inaonekana inalipa zaidi, lakini mgeni anauzwa papo hapo kwa yeyote aliyetoa bei kubwa, na miongoni mwa wanunuzi wamo matapeli wa «simu yako ina virusi» na wasambazaji wa programu hasidi. Hujui anapelekwa wapi, na siku moja mgeni huyo anaweza kuwa mama yako.

Basi ufanye nini na yale 18 yaliyobaki? Njia ya kwanza ni kuyaweka sokoni badala ya kuyawekea matangazo. Kampuni kama Sedo na Afternic zina ukurasa unaosema tu kwamba jina linauzwa, pamoja na fomu ya kutoa ofa. Hulipi kitu mpaka liuzwe, kisha wanakata kamisheni. Lakini usije ukasikia kwamba voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019 ukajiona na wewe uko kwenye foleni. Kipimo ambacho wafanyabiashara wenyewe wa majina hutaja ni jina moja au mawili katika kila mia kwa mwaka, nao ni watu wenye majina mazuri ya Kiingereza. Kwa majina 18 ya Kiswahili, uwezekano mkubwa ni kwamba mwaka utapita bila ofa ya kweli.

Ofa ya uongo, hiyo inaweza kuja. Mtu atakuandikia kwa heshima zote kwamba anataka jina lako la matrekta kwa dola 4,000, ila «mwekezaji wake» anahitaji cheti cha tathmini kwanza, na tovuti ya kutolea cheti ni hii hapa, dola 90 tu. Ukishalipa anapotea. Mnunuzi wa kweli hakutumi ukalipie kitu. Pesa yake inashikiliwa na mtu wa kati anayeaminika mpaka jina lihame.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda, ingawa si ya usingizini. Chagua jina moja, moja tu, na ulifanyie kazi. Wewe uko Morogoro, umezungukwa na Kilosa, Mvomero, Mkindo, Dakawa. Watu wanalima mpunga na miwa, na kila msimu wanauliza mambo yale yale: nani anakodisha trekta, ekari moja anatoza kiasi gani, power tiller nzuri ni ipi, vipuri vinapatikana wapi. Tovuti ya kurasa kumi na tano zilizoandikwa kwa Kiswahili kizuri, zenye bei za msimu huu na namba za wenye matrekta waliokubali kutajwa, itapata wageni kutoka Google wa aina ambayo maegesho hayatakuletea. Ukishakuwa na maudhui unaweza kuomba AdSense ya kawaida, huduma ya Google inayowalipa wenye tovuti kwa matangazo, ambayo haikubali kurasa tupu. Ila mimi ningeanza na duka la vipuri la jirani: mwambie alipie tangazo kwa mwezi. Shilingi 20,000 kutoka kwa mtu mmoja unayemfahamu inazidi miezi minane ya vikoa 22, na inaingia kwenye simu yako siku hiyo hiyo. Hesabu miezi sita hadi mwaka mzima kabla wageni hawajawa wa kutegemea. Kama huna muda huo, si vibaya kuacha majina yote na kubaki na kazi yako ya dukani.

Kuhusu kozi: jiulize wanachofundisha kinawaingizia wao pesa kwa njia ipi. Waombe wakuonyeshe ripoti ya mwezi uliopita, jina kwa jina, si picha ya mwaka 2019. Kwa shilingi 350,000 unaweza kulipia hifadhi ya tovuti yako ya matrekta kwa miaka kadhaa na nauli ya kwenda Dakawa kuongea na wakulima.

Jambo la tarehe usilipuuze. Wasajili wengi huwasha uhuishaji wa moja kwa moja bila kukuuliza, na baadhi hukata kadi siku kadhaa kabla ya jina kuisha. Usisubiri mwezi wa tatu; ingia wiki hii, zima kwenye kila jina ambalo huliendelezi, na hakikisha kadi yako haijabaki kwenye mfumo. Ukibadili mawazo baada ya jina kuisha, wasajili wengi wa .com hukupa siku kadhaa za kulihuisha kwa bei ya kawaida. Likishafutwa linaingia kwenye siku 30 za ukombozi, na hapo gharama hupanda mara kadhaa. Kwa majina yako mengi hutahitaji kuyakomboa.

Mambo mawili yakitokea, usitafute jibu mtandaoni. Ukipokea barua ya wakili, au ujumbe kutoka WIPO (shirika la kimataifa la miliki ubunifu, ambalo husikiliza kesi za UDRP) unaosema kesi imefunguliwa dhidi ya kikoa chako, usilihamishe jina, usilifute, wala usimjibu mtu kwa hasira. Una siku 20 za kujibu tangu kesi ianze rasmi. Chapisha kila kitu, pamoja na risiti ya usajili, umwone wakili mwenye uzoefu wa alama za biashara. Kama Morogoro hapatikani, Dar es Salaam wapo. La pili ni kabla ya kulitumia jina la matrekta kama jina la biashara: pita BRELA, wakala wa usajili wa biashara, uhakikishe hakuna aliyelisajili kabla yako, na mkianza kulipana na duka la vipuri, ulizia ofisi ya TRA ya Morogoro namna ya kuyatangaza mapato hayo. Nenda na maandishi ya makubaliano yenu na mwenye duka, hata kama ni ya mkono kwenye karatasi moja.